Jeshi nimeliacha, lindo halijaniacha

Swali: Nimestaafu UPDF, jeshi la Uganda, mwaka jana kwa cheo cha sajini, baada ya miaka 22. Somalia nimekwenda mara mbili. Sasa niko Bweyale, wilayani Kiryandongo, nyumba nimejenga. Kila usiku saa nane naamka, nachukua panga, nazunguka boma, na baada ya hapo silali tena. Watoto wakipiga kelele napandwa na hasira. Sokoni siwezi kukaa. Mke wangu anasema nyumba ilikuwa na amani kabla sijarudi. Kiinua mgongo kimeingia, na ndugu wanataka nifungue duka la vifaa vya ujenzi haraka, kabla pesa haijayeyuka. Jioni nakunywa kidogo ili nipate usingizi. Nianzie wapi?

Jibu: Afande, anzia kwenye usingizi. Duka lisubiri.

Najua ndugu hawatalipenda jibu hili. Lakini mtu anayepata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku hana kichwa cha kulinganisha bei ya mabati, wala cha kumkatalia shemeji anayetaka saruji kwa mkopo. Wastaafu wengi hufanya kinyume: leo pesa imeingia, kesho wamekodi chumba cha duka, na usingizi wanasema utakuja wenyewe. Hauji. Zinakuja deni, chupa na ugomvi, kisha kijiji kinasema afande hajui biashara, kumbe alikuwa hajalala mwaka mzima.

Tuitazame hiyo saa nane ya usiku. Mwili wako haujaharibika. Kwa miaka 22 uliwekwa lindo kwa zamu, na huko Mogadishu na Shabelle ya Chini ulijifunza kwamba anayelala fofofo huenda asiamke. Somo hilo liliingia kwa mazoezi, wala halitoki kwa kuambiwa vita vimekwisha. Linatoka kwa mazoezi mengine, yenye saa na daftari.

Juma la kwanza usibadilishe kitu. Kila asubuhi andika mambo manne: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulilala, muda uliokaa macho katikati ya usiku, na saa uliyotoka kitandani. Tuseme unapanda saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa tisa kitandani, na daftari linaonyesha ulilala nne na nusu tu. Kitanda kimegeuka mahali pa kuvizia. Dawa yake ni kupunguza saa za kukaa kitandani. Kuanzia juma la pili panda saa tano na nusu usiku, toka saa kumi na moja alfajiri kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama hukulala. Hizo ni saa tano na nusu. Usishuke chini ya hapo. Ukiona kwa juma zima umelala kama saa nne na dakika arobaini au zaidi ndani ya muda huo, ongeza dakika 15 kwa kupanda mapema kidogo. Juma linalofuata pima tena. Hivyo hivyo mpaka ufike saa sita na nusu au saba.

Juma mbili za mwanzo utajiona umezidi kuwa mbaya. Mchana kichwa kitakuwa kizito, na hapo ndipo watu wengi huacha. Usiache, ila siku hizo usiendeshe boda wala usipande juu ya paa. Ukishindwa kabisa, lala mchana dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri, simu ikiwa imetegwa kengele. Chai ya majani na kahawa mwisho saa nane mchana, kwa sababu saa tano baadaye nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Mairungi, yaani miraa, acha kabisa. Na kama mlipuko uliwahi kukuzimisha na tangu hapo unaanguka kifafa, zoezi hili la kupunguza saa usilifanye peke yako, maana kukosa usingizi huamsha kifafa. Muone daktari kwanza.

Sasa lile panga. Chukua kipande cha karatasi ngumu, andika: mlango wa mbele, mlango wa nyuma, madirisha, geti, moto wa jikoni. Saa tano na robo usiku zunguka mara moja, weka alama kila sehemu, weka karatasi mezani. Lindo limefungwa. Ukiamka saa nane, usitoke kukagua. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo uelewe sababu yake. Kila unapozunguka na kukuta hakuna kitu, moyo unatulia, na kichwa kinaandika kwamba panga ndilo lililotuokoa leo. Kesho kinakuamsha tena. Usipozunguka, moyo utapiga kwa nguvu dakika 20 au 40, kisha utashuka wenyewe, na hapo ndipo kichwa kinapata habari mpya. Ukiona usingizi hauji, ondoka kitandani ukae kwenye kiti sebuleni, taa hafifu, bila simu, urudi macho yanapokuwa mazito. Panga liende stoo pamoja na majembe. Likikaa chini ya godoro, ipo siku utaamka nalo mkononi kabla hujajua aliye mbele yako ni nani.

Mke wako pengine hajakuambia kwamba anaogopa kukugusa usiku. Mpangie. Ukipiga kelele ndotoni, asikutikise. Ashuke kitandani, awashe taa, asimame upande wa miguu, akuite kwa jina lako la nyumbani, siyo afande. Wewe ukizinduka, weka nyayo sakafuni na useme kwa sauti siku, tarehe na mahali: leo Jumanne, niko Bweyale, huyu ni mama watoto. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini ukitamka tarehe unakilazimisha kichwa kifanye kazi ya sasa, na ile picha ya kule inapungua nguvu.

Kama ndoto ni moja inayojirudia, ifanyie kazi mchana. Iandike, kisha badilisha mwisho wake uwe wowote unaotaka wewe, hata usio wa kweli: gari linapita salama, mwenzako anashuka anacheka. Soma ndoto hiyo mpya dakika 10 kila siku mchana, ukiiona kichwani. Baada ya juma tatu hivi ndoto ya zamani huanza kukatika katikati. Ile nzito kabisa usianze nayo. Anza na ndogo.

Kuhusu hicho kidogo cha jioni. Waragi, kama pombe kali yoyote, hukulaza, kisha hukuamsha. Nusu ya kwanza ya usiku unalala kama gogo. Pombe ikianza kuisha mwilini usingizi unakatika vipande na ndoto zinarudi kwa nguvu. Kwa hiyo sehemu ya hiyo saa nane yako inatoka kwenye chupa. (Vipakiti vya waragi vilipigwa marufuku mwaka 2019, vikazaliwa vichupa vya plastiki. Kipimo kimeongezeka kidogo, tabia ni ile ile.) Ila angalia jambo moja la hatari. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kufungulia, usikate ghafla nyumbani. Mtetemo na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, kifafa huweza kuja ndani ya siku mbili, na siku ya pili au ya tatu mtu huweza kuona vitu visivyopo. Watu hufa hivyo. Hospitalini hupewa dawa ya kumshusha polepole kwa siku kadhaa pamoja na vitamini B1. Kama huna dalili hizo, punguza: glasi ya mwisho kabla ya saa moja jioni, na siku mbili kavu katika juma la kwanza, tatu katika la pili.

Hospitali usiiogope. Hali kama yako ikizidi mwezi mmoja, yaani kumbukumbu zinakuvamia, unakwepa mahali na watu, moyo umekufa ganzi na mwili uko macho muda wote, hiyo ina jina, PTSD, yaani mshtuko wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, na ina tiba. Hospitali ya wilaya pale Kiryandongo ndiyo iliyo karibu. Ngazi ya juu zaidi ni vitengo vya afya ya akili katika hospitali za rufaa za Gulu na Hoima, na ya taifa ni Butabika, Kampala. Kwa ninyi wa jeshi zipo pia hospitali za kijeshi za Bombo na Mbuya. Nenda na karatasi zako za kustaafu. Kosa la wastaafu wengi ni wanachosema wakifika. Kiswahili cha kambini kina maneno mengi ya amri na machache ya maumivu, basi mtu akiulizwa anajibu, “Naumwa kichwa,” na anarudi nyumbani na Panadol. Wewe sema hivi: “Nimetoka vitani, silali zaidi ya saa nne, naota vita, nashtuka na sauti, na hasira inanishinda. Nataka kuonana na mtu wa afya ya akili.” Kama mke anaweza kwenda nawe aende; ataeleza ya usiku ambayo wewe huyaoni.

Tiba yenyewe kubwa ni mazungumzo yenye mpangilio. Mojawapo ni ya kusimulia maisha yako tangu kuzaliwa kwa mfuatano, mtaalamu akiandika, mpaka lile tukio baya lipate mahali pake na tarehe yake badala ya kuelea. Njia hiyo ilijaribiwa hapa hapa kaskazini mwa Uganda kwa vijana waliokuwa wametekwa na waasi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliotibu walikuwa watu wa kawaida wa huko waliofundishwa, na walifanikiwa. Ukipewa vidonge kama fluoxetine au sertraline, vipe wiki nne hadi sita. Siku za mwanzo tumbo litakusumbua, na usiviache ghafla siku unapojiona umepona. Valium ya kununua duka la dawa iache. Inakulaza wiki mbili, kisha inakuwa bwana wako.

Ukiwa hospitalini omba jambo la pili ambalo watu hawaliombi, kupimwa masikio. Milio ya bunduki na mizinga huua kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo sauti za wanawake na watoto, na herufi kama s, f na t. Unasikia kwamba mtu anaongea, lakini maneno hayakamatiki. Basi unadhani wananong’ona, wanakusengenya, au mtoto anakudharau kwa kutoitika. Unapaza sauti, wao wanadhani umekasirika. Nusu ya ugomvi wa nyumba nyingine ni hapo. Kabla hata ya kipimo, waambie waje mbele yako ndipo waseme, na redio izimwe wakati wa chakula.

Soko utalirudia kwa ngazi. Mara ya kwanza nenda saa moja na nusu asubuhi, wauzaji wakiwa wanapanga nyanya, ukae pembeni. Pima hofu yako kwa alama kutoka 0 hadi 10. Ikiwa 7, kaa mpaka ishuke 3 au 4. Mara nyingi ni dakika 30 hadi 45. Usiondoke ikiwa juu, maana utakuwa umekifundisha kichwa kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Rudia mara nne kwa juma mahali pale pale mpaka pachoshe, ndipo usogee katikati, kisha siku ya soko yenyewe. Kukaa umeegemea ukuta ukitazama njia kunaruhusiwa mwanzoni, baadaye ukuta nao uuache. Kwa boda inayopasua ekzosi au radi ya ghafla, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano. Zoezi hilo lifanye asubuhi na jioni ukiwa mtulivu. Bunduki haisafishwi wakati adui amefika.

Nyumbani ndipo nina maneno zaidi. Mke wako anasema kulikuwa na amani kabla hujarudi, na pengine ni kweli. Miaka yote hiyo yeye ndiye alikuwa kamanda wa kituo: ada, malaria ya usiku, mazishi, mpaka wa shamba. Jeshini ukihamishiwa kikosi kipya hupindui mambo siku ya kwanza. Kuna makabidhiano, unakagua, unauliza, unasaini. Fanya hivyo. Miezi mitatu usibadilishe utaratibu wowote wa nyumba ile. Muulize nani analipwa nini, nani anadaiwa, mtoto gani ana shida gani shuleni, uandike. Kisha omba kazi mbili zako kamili, tuseme maji na kuku, uzimiliki. Kuku ni wazuri kwa mtu wa hali yako kwa sababu hawangoji uwe na moyo. Saa kumi na mbili asubuhi wanataka kutoka, upende usipende. Kila Jumapili baada ya chakula kaeni dakika 30, nyote, mpange juma. Anayeongoza kikao abadilike. Kuamsha watoto saa kumi usiku kwa paredi, hapana. Kijana wa miaka 15 aliyelelewa na mama yake anahitaji kwanza kujua unacheka nini.

Hasira ikipanda mpaka 5 kati ya 10, usingoje 8. Sema “Natoka, narudi saa kumi na mbili kasoro robo,” uondoke, utembee, urudi saa hiyo hiyo. Dakika 20 hadi 30 zinautosha mwili kushuka. Kosa la wanaume wengi ni kutoka bila kutaja saa, na kituo cha kwanza kikawa baa. Kwa mke hiyo ni kutelekezwa, na mkirudi ugomvi unakuwa wa pili. Ukimpiga mtu wa nyumbani hata mara moja, usingoje miadi. Siku ile ile mke au mtoto alale kwa ndugu, na wewe uende kutafuta tiba.

Kama unatoka Acholi na wazee wanataka ukanyage yai langoni kabla ya kuingia nyumbani, nyono tong gweno, nenda ukakanyage. Inawaambia watu wote kwamba umepokelewa, na kupokelewa ni sehemu ya kupona. Ila haichukui nafasi ya daftari la usingizi.

Na nikuulize wazi. Kuna siku unaona heri ufe? Kama ndiyo, mwambie mtu leo, mke au mwenzenu wa kikosi, na uende hospitali leo. Dawa za kunyunyizia mahindi zote zikakae kwa jirani, zikiwa zimefungwa. Mawazo hayo huja kwa mawimbi, na wimbi mara nyingi hupita kama hakuna kitu karibu cha kushika.

Kazi: rafiki atakuja na habari ya ulinzi wa usiku, kwa sababu kampuni za ulinzi zinapenda wastaafu. Mwaka huu kataa. Bunduki mkononi na macho usiku kucha ni kurudisha kila kitu tulichojaribu kuondoa. Ulinzi wa mchana getini hauna shida. Shambani anza na ekari moja ya mahindi, si tano. Kilo 10 za mbegu zinaitosha, na palizi ya kwanza ndani ya wiki tatu utaweza kuisimamia mwenyewe bila kukopa vibarua.

Sasa hela. Nenda benki yako, uliza jinsi ya kufungua akaunti ya dhamana za serikali, ununue zile za muda mfupi ambazo wenyewe wanaziita trezari bili. Zipo za siku 91, 182 na 364, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000. Kodi ya asilimia 20 hukatwa kwenye faida, siyo kwenye pesa yako. Weka sehemu kubwa katika siku 91. Kama ni mwanachama wa Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, uliza masharti ya kubaki kabla hujagusa akiba. Acha mkononi matumizi ya miezi minne pamoja na ada. Ndugu akija una jibu la kweli lisilo na matusi: pesa imefungwa mpaka tarehe fulani.

Katika siku hizo 91, tafuta duka la vifaa la mtu mwingine, ikiwezekana mji mwingine kama Kigumba au Karuma, uombe kukaa wiki nne ukisaidia kuhesabu mali. Utaona misumari inavyopimwa, saruji inavyoanza kuganda ikikaa miezi mitatu penye unyevu, na daftari la madeni linavyokuwa nene kuliko la mauzo. Huenda ukalipenda. Huenda ukagundua unataka kitu kingine, na utakuwa umegundua bila hasara. Mtaji wa nyongeza ukihitajika baadaye, Emyooga, mpango wa serikali wa kukopesha vikundi, ina kundi la wastaafu wa jeshi tangu ilipoanzishwa mwaka 2019. Uliza ofisi ya biashara ya wilaya kikundi cha jimbo lako kinakutana wapi.

Siku ya 91 fungua lile daftari la usingizi pamoja na mke wako. Kama juma mbili za mwisho umelala saa sita au zaidi, chupa haiko mezani na yeye anakubali kwamba nyumba imetulia, kaeni mpige hesabu ya duka. Kama bado uko chini ya saa tano, funga pesa tena kwa siku 91 nyingine, na kesho yake panda gari la Gulu.